Kazi za Ubunifu Badala ya Mtihani: Nani Atazihoji?

Katika vyuo vyetu vya theolojia na hata katika madarasa ya kipaimara, wapo wanaoshauri kwamba mwanafunzi apimwe kwa kazi ya ubunifu badala ya mtihani wa kuandika: atunge wimbo, aandae igizo, atunge sala. Shauri hili twaliunga mkono. Lakini namna linavyotekelezwa hatuna budi kuikosoa.

Wazo lenyewe si geni nchini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikosoa mitihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuacha tabia na moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la 1974 lilifuata njia hiyohiyo, likataka kazi na maendeleo ya mwanafunzi yahesabiwe pia.

Kanisa nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya Kihaya. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutafsiri kwa Kijerumani, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Ni karatasi gani ya mtihani iliyosafiri umbali huo? Hata hivyo, si sauti peke yake iliyoufikisha huko. Beti zake zafuata habari ya kaburi, malaika na agizo la kwenda kutangaza. Auimbaye amekwisha kuhubiri Mathayo 28.

Hapo ndipo kazi nyingi za ubunifu zinapopungukiwa. Tuchukue mfano wa mwanafunzi Mwiraqw wa Ganako, Karatu, aliyeagizwa kutunga sala ya kubariki mavuno. Hana haja ya kuiga ya kigeni, kwa maana wazee wa kwao wanayo slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huiongoza na watu wakaitikia. Lakini katika mapokeo hayo Mungu huitwa Looaa, neno lilelile la jua, naye hufikiriwa kama mama. Je, jina hilo laweza kumtaja Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo? Akilikubali, atoe sababu. Akilikataa, atoe sababu. Swali la namna hii halijibiki kwa kukariri. Basi mwalimu akitoa alama kwa sauti nzuri na maandishi yaliyopambwa, swali limepita bila kuguswa, na mwanafunzi ameondoka na alama pasipo kuungama lolote.

Tena kuna suala la haki. Kazi inayofanyiwa nyumbani na kuhitaji vifaa vya kununua humpendelea mwenye fedha au mwenye kaka msomi. Mtoto wa mkulima hushindwa kabla hajaanza.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, vigezo viandikwe na kutolewa mapema, na kazi isahihishwe na walimu wawili, ili kuzuia upendeleo. Pili, mwanafunzi aitetee kazi yake kwa mdomo, akieleza Maandiko aliyoyategemea na jambo aliloliacha kwa makusudi. Nusu ya alama iwe hapo. Tatu, wazee wa usharika waisikie na kuihoji, maana wao ndio watakaoitikia "Amina".

Hatusemi mtihani wa kuandika ufutwe. Kiyunani hakipimwi kwa igizo, wala historia ya Kanisa kwa ngoma. Lakini mchungaji atakaposimama kando ya kaburi, mbele ya wafiwa, hataulizwa orodha ya tarehe. Atatakiwa aseme neno lake mwenyewe, lililo la Injili, kwa lugha waisikiayo. Chuo kisichompima katika hilo kimempa shahada kabla ya kumjua.