Nani Mlinzi wa Umma? Uhakiki wa Riwaya ya Kufa na Kupona

Fasihi haielei hewani. Kitabu huzaliwa katika jamii, hubeba mawazo ya tabaka fulani, kisha hurudi kwa wasomaji kuwajenga au kuwapumbaza. Kwa sababu hiyo riwaya za upelelezi na mapenzi, ambazo wasomi wengi huzidharau, zinastahili kuchambuliwa na makada kwa makini. Hizo ndizo vijana wamezisoma kwa hiari yao, zikipokezanwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika.

Tunachambua hapa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zimeibwa Dar es Salaam. Mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirudisha kabla hazijamfikia adui. Humo mna siri, mna risasi, mna wanawake wazuri. Na msomaji akianza haweki chini.

Kwanza tutaje mema. James Bond, aliyebuniwa na Ian Fleming mwaka 1953, ni mlinzi wa himaya ya Uingereza. Musiba ameligeuza jambo hilo: mpelelezi ni Mwafrika, adui ni ubeberu. Wala hatari anayoieleza si ndoto. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi kazi yake ilipomalizika mwaka 1994. Tarehe 3 Februari 1969, katika mji huohuo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Mwaka 1973 Amílcar Cabral aliuawa Conakry. Mwandishi aliyewaambia vijana kwamba ukombozi una maadui wa siri hakuwadanganya.

Lakini hapana budi tuulize: katika riwaya hii, nani mlinzi? Jibu ni mtu mmoja. Umma haupo. Watu wa kawaida hupita tu pembeni ya njia ya shujaa. Hawana wanalolijua wala wanaloliamua. Hapa ndipo itikadi ya Bond inaporudi kwa mlango wa nyuma, ingawa bendera imebadilishwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitolewa baada ya Guinea kuvamiwa mwezi Novemba 1970 na baada ya serikali ya Uganda kupinduliwa mwezi Januari 1971. Fundisho lake lilikuwa kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wenyewe, uliofundishwa na kujizatiti. Riwaya iliyofuata miaka mitatu baadaye inafundisha kinyume: kaeni mtulie, yuko kijana hodari anayewalinda.

Upungufu huo ndio unaoharibu pia mapenzi yaliyomo. Mwanamke katika riwaya za aina hii ama ni chambo ama ni zawadi ya ushindi. Lakini vita vilevile vya ukombozi vilikuwa na wanawake wa namna nyingine. FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake mwaka 1967. Josina Machel, aliyeolewa na Samora Machel mwaka 1969, alikuwa mpiganaji na kiongozi mpaka alipofariki mwaka 1971. Hayo nayo ni mapenzi katikati ya hatari, lakini ni mapenzi ya wenzi katika kazi moja.

Kada wa Bariadi na wa mkoa wote wa Simiyu hana haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano wa siri na ulinzi. Wasukuma walikuwa na vyama vya siri tangu zamani: Bayeye, waganga na wachezaji wa nyoka, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Vyama hivyo vilikuwa na maneno na nyimbo zilizofahamika kwa waliopitishwa tu. Siri ilikuwa mali ya chama, nayo ilimfunga mwanachama kumsaidia mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi ikiwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa Usukumani na Unyamwezini waliunda Sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Ishara yao filimbi na mwano. Ukisikika mwano, kila mwenye nguvu hutoka. Hakuna Willy Gamba hapo: wapo wakulima wanaofahamu nyayo za mifugo yao. Mwalimu Nyerere na Chama waliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua.

Hata hivyo tusisifu bila kupambanua. Baadhi ya vikundi viliwapiga na hata kuwaua watuhumiwa, na waliosingiziwa uchawi waliteswa bila ushahidi. Yaani walifanya lile ambalo riwaya humruhusu shujaa wake afanye: kushuku, kuhukumu na kuadhibu, yote kwa mkono mmoja. Msomaji anayemshangilia mpelelezi anapoua bila kuulizwa anajizoeza kutouliza pia kijijini kwake. Hapo ndipo uhakiki wa riwaya unapogusa uhai wa watu.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki. Siri inayomficha mpigania uhuru asionekane na muuaji ni ya haki. Siri inayomficha mlinzi asihojiwe na anaowalinda ni mwanzo wa uonevu, hata kama mlinzi huyo ni mzalendo.

Hatusemi kitabu kipigwe marufuku. Wajibu wa kada ni kukisoma pamoja na vijana, kutambua ushujaa uliomo, kisha kuwauliza: wakulima wako wapi katika kisa hiki? Mwanamke anafanya kazi gani? Shujaa anawajibika kwa nani? Kijana atakayezoea kuyauliza hayo mbele ya riwaya atayauliza pia mbele ya mlinzi wa kijiji na mbele ya kiongozi. Huyo ndiye mlinzi tunayemhitaji.