Alizeti pori: uzio unaolisha nyuki Morogoro Mjini

Alizeti pori, ambayo wataalamu wa mimea huiita Tithonia diversifolia, ni kichaka cha kudumu chenye kimo cha mita 2 hadi 3 na maua makubwa ya njano yenye harufu inayokaribia ya asali. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa Afrika kama pambo la bustani, ikatoka bustanini, na leo huota yenyewe kando ya barabara, kwenye mipaka ya viwanja na kwenye kingo za mito. Historia hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuipanda: mmea huu hushika kwa urahisi zaidi kuliko unavyozuilika.

Katika ukoo wa alizeti upo mmea mwingine wa njano unaosifiwa sana na wafugaji wa nyuki wa Amerika ya Kaskazini, solidago. Huko huchanua mwishoni mwa kiangazi chao, wakati nyuki wanapoweka akiba ya majira ya baridi. Kuuhamishia Morogoro si jambo rahisi. Solidago huhitaji siku ndefu ili shina lirefuke, kisha siku fupi ili litoe maua, na katika mji huu tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Mashamba ya maua ya Kenya yanayoulima kwa ajili ya kuuza nje huwasha taa usiku ili kuurefusha. Mwenye bustani ya kawaida hana sababu ya kubeba gharama hiyo wakati kazi ileile inaweza kufanywa na mmea usiohitaji taa.

Kazi yenyewe ni kuziba pengo la chakula. Masika ya Morogoro huanza Machi na kwisha Mei. Baada ya hapo magugu hukauka, mahindi huvunwa, na nyuki hupungukiwa. Alizeti pori hufungua maua yake mvua zinapoelekea mwisho na kuendelea hadi ukavu unaposhika. Kinachoonekana kama ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Yale ya pembeni yenye ulimi mrefu wa njano hayazai mbegu. Ni bango la kuwaita wadudu. Ya katikati ndiyo yenye mbochi na chavua, nayo hufunguka kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuelekea ndani, kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ua moja ni meza inayoandaliwa upya kila asubuhi, na nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, vipepeo na nzi wa maua wote hupata pa kutua.

Faida kwa mkulima huja kwa njia ya jirani. Boga, tango na tikiti kwa kawaida haviwezi kuzaa bila mdudu wa kuhamisha chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Pasheni hutegemea nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, kwa sababu nyuki wa asali ni mdogo mno kugusa sehemu zote zinazohusika. Nyuki hao weusi pia hutikisa ua la nyanya kwa mtetemo wa mwili hadi chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Wadudu hawa wakikaa karibu na bustani katika wiki ambazo pasheni au boga halijachanua, watakuwepo siku litakapochanua.

Upandaji ni kwa vipandikizi. Hukatwa vipande vya shina lililokomaa, si laini la kijani, vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, na kuchomekwa ardhini mara baada ya mvua kulowesha udongo. Visiachwe vikauke juani; vikatwe na kupandwa siku hiyohiyo. Mstari mmoja kando ya uzio unatosha. Kuupanda katikati ya matuta ni kosa, kwani kivuli chake na mizizi yake hushindana na mboga.

Ukataji ndio ufundi wenyewe. Uzio ulioachwa hurefuka, huangukia njia na kutoa maua juu kabisa. Ukipunguzwa hadi magotini mwanzoni mwa masika, huchipua matawi mengi na maua mengi zaidi. Njia bora ni kugawa mstari sehemu mbili na kukata ya pili wiki kadhaa baada ya ya kwanza, kwa kuwa iliyokatwa mwisho huchelewa kuchanua, na msimu wa maua hurefuka. Mkato mwingine, wa lazima, hufanywa ulimi wa njano unapoanguka, kabla vichwa havijakauka. Hapo mbegu huzuiwa. Mkato huu usipofanywa, mengine yote hayana maana.

Majani yaliyokatwa ni mbolea ya thamani. Uchambuzi uliofanywa Kenya magharibi ulionyesha kuwa majani makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu. Morogoro kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulichanganya majani hayo na mbolea ya fosfeti ya Minjingu kwenye udongo mwekundu wenye asidi, kwa lengo la kuongeza fosforasi inayopatikana kwa mimea na mavuno ya mahindi. Kwa bustani ya nyumbani, majani mabichi hufukiwa kwenye tuta kabla ya kupanda mchicha au hutandazwa kuzunguka nyanya.

Uzio wa alizeti pori peke yake haukamilishi mwaka. Mtugutu, mmea wa asili wenye majani machungu na vichwa vidogo vyeupe, hufaa kuongezwa kwa ajili ya kiangazi. Kivumbasi kikipunguzwa na kumwagiliwa hutoa maua karibu mfululizo. Pia nyuki wengi wanaoishi peke yao hutaga ardhini: kiwanja kilichofunikwa chote kwa vitofali vya saruji huwafungia mlango, hata kama maua yapo.

Linabaki suala la mlima. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uluguru hupita mjini na kuingia mto Ngerengere, kisha mto Ruvu, na mbegu nyepesi za alizeti pori husafiri na maji. Juu ya mji upo msitu wenye mimea ambayo baadhi yake haipatikani popote pengine duniani. Kichaka kigeni kinachofunika ardhi haraka hakina nafasi hapo. Kwenye kiwanja cha mjini, kama Kihonda au Mazimbu, mbali na mfereji, kwa mtu anayekata kabla ya mbegu, alizeti pori inafaa. Kwenye mashamba yanayopakana na msitu na kwenye kingo za mito isipandwe kabisa. Hapo nafasi yake ichukuliwe na mtugutu.