Ruwaza na Masharti Yake

Kitabu kiitwacho Design Patterns, kilichotolewa mwaka 1994 na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, kimekusanya ruwaza 23 za kusanifu programu za kompyuta zinazojengwa kwa vitu, yaani programu ambamo data na kazi zake hufungwa pamoja. Wazo la ruwaza lilitoka kwa Christopher Alexander, msanifu wa majengo, aliyetoa pamoja na wenzake mwaka 1977 ruwaza 253 za miji na nyumba.

Sifa kubwa ya kitabu ni kutaja. Hila iliyokuwa mkononi mwa fundi ilipata jina, na neno moja likatosha kueleza mpango mzima. Lakini jina hukaa upesi mdomoni kuliko sharti lake. Kila ruwaza imeandikiwa wapi yafaa na nini hutokana nayo, kizuri na kibaya. Na arukaye sehemu hizo akanakili mchoro tu, hakuitumia ruwaza.

Ruwaza ya Singleton ni ushahidi. Yahakikisha kuwa kitu cha aina fulani kiwe kimoja tu, nacho kifikiwe kutoka popote. Kujifunza kwake ni kwepesi mno, na hapo ndipo penye hatari: sehemu mbili zisizojuana huweza kukibadili kitu hicho, na atakaye kupima sehemu moja peke yake hawezi kuitenga. Gamma mwenyewe, alipohojiwa mwaka 2009, alikubali iondolewe. Ruwaza ya Observer ni bora zaidi, kwani hesabu zile zile huweza kuonyeshwa kwa jedwali na kwa grafu, wala kimoja kisikijue kingine. Hata hivyo, palipo mtazamaji mmoja tu, ruwaza hiyo huficha nani amwita nani, basi.

Hoja iwahusuyo zaidi wanaisimu ni ya Peter Norvig, aliyeonyesha mwaka 1996 kuwa ruwaza 16 kati ya zile 23 hurahisika au hutoweka katika lugha za programu kama Lisp na Dylan. Ndivyo Kiswahili kisemavyo “waliandikiana” kwa neno moja, palipo lugha zitakazo maneno manne. Hoja ni ya kweli, ila yapunguza mno thamani ya kitabu: sarufi ikilijibu tatizo, tatizo halikukoma kuwapo, na msanifu bado yampasa kulitambua kabla ya kuchagua jibu.