Neno "Kinyago" na Sanaa za Uwanda wa Makonde

Wanaohakiki sanaa za Afrika ya Mashariki wamezoea kuigawa kazi yao mafungu mawili. Wataalamu wa lugha huchukua tenzi, hadithi na methali; wataalamu wa sanaa za mikono huchukua mti na udongo. Mgawanyo huu una manufaa yake, lakini ukipelekwa Newala au Masasi hausimami. Huko kitu kilichochongwa, wimbo ulioimbwa na fundisho alilopewa mwari ni jambo moja lenye nyuso tatu, na mwenye kuushika uso mmoja tu ameziacha mbili. Ushahidi wa jambo hili umo katika neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua, nalo ni kinyago.

Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, kaskazini ya mto Ruvuma. Chini yake imetandaa nchi ya Masasi, yenye vilima vya mawe vinavyosimama peke yake. Juu ni kwa Wamakonde. Chini wamekaa Wamakua na Wayao kwa wingi. Kiswahili kilipanda huko pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, kisha pamoja na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja. Huyu ndiye Steere yule aliyetoa mwaka 1870 mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Basi Masasi ni miongoni mwa mahali pa bara ambapo Kiswahili kimekaa muda mrefu ubavuni mwa lugha nyingine, kikizipa maneno na kupokea kwao.

Kinyago kina shina moja na unyago, na shina hilo halikuishia pwani. Katika Kiyao, chinyago ni umbo linalofinyangwa juu ya ardhi, likapambwa kwa unga, ili wari waonyeshwe na kufundishwa kwa nyimbo. Hapa neno halitaji mti wala kuchonga. Lataja fundisho linaloonekana kwa macho. Katika Kiswahili cha kamusi, kinyago kimekuwa sura ya kuchongwa, hasa ya kutisha. Na katika Kiswahili cha sokoni kimekuwa kitu chochote cha mpingo anachouziwa msafiri. Katika mwendo huo neno limeongeza vitu na kupunguza maana: fundisho limeanguka njiani, mti ukafika.

Hata hivyo lugha haisahau yote. Methali yasema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu aliyepata cheo kwa msaada wa wengine, kisha akataka kuwatisha hao hao waliomwinua. Matumizi hayo ni sahihi, lakini methali yaweza kusomwa kwa kina zaidi ikirudishwa jandoni. Kwa desturi ya Wamakonde, lipiko, yaani yule mchezaji aliyefunikwa uso kwa mti, huwakimbiza wanawake na watoto kwa kuwa hujidai kuwa si mtu wa dunia hii. Kijana akiingizwa jandoni huonyeshwa kwamba ndani ya lipiko mna mtu. Hofu yake inageuka elimu. Na tangu siku hiyo hupaswa kuitunza siri ile ile iliyokuwa ikimkimbiza. Ikisomwa hivi, methali ya mjini ni muhtasari wa somo la mwituni, hata kama mwenye kuisema hajapata kuona ngoma yenyewe.

Tofauti hii huonekana wazi mtu anapotaka kutafsiri. Lipiko likiitwa "sanamu", msomaji hufikiri kitu kisichokwenda, ilhali lipiko bila mwendo si lipiko. Likiitwa "barakoa", laingia neno ambalo pwani lilikuwa vazi la uso la wanawake, na ambalo tangu mwaka 2020 watu wengi walilizoea kwa kitambaa cha kujikinga na maradhi ya korona. Hakuna kosa la sarufi katika tafsiri hizi, ila zina upungufu wa maana. Mfano ulio mkubwa zaidi ni kile kiwiliwili cha mti chenye maziwa na tumbo la mja mzito, kichorwacho nembo za chale. Kikitundikwa ukutani huhukumiwa kama sura ya mwanamke. Lakini kwa asili huvaliwa na mwanamume anayecheza mbele ya hadhara, na maana yake imo katika ule mgongano wa mvaaji na kinachovaliwa. Mhakiki asiyeijua ngoma husifu tumbo lilivyochongwa, wala hajui kwamba ametazama nusu ya kazi.

Waliopita huko zamani waliliona tatizo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alifika Masasi na Newala, akakusanya vitu na kunasa sauti za waimbaji kwa fonografu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, maana alitambua kwamba mti peke yake hautoshi. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hata 1944, alishika njia nyingine: alikubali jando libaki, akalitia sala na mafundisho ya Kikristo. Alistahili sifa kwa kukataa kuwaambia watu waitupe desturi yao nzima. Lakini mpango wake ulijengwa juu ya dhana inayohitaji kuhojiwa, kwamba maneno yaweza kubadilishwa na umbo likabaki lile lile. Penye jando maneno si nguo ya kuvuliwa. Ni mwili wenyewe.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni cha kupunguza tu. Wachongaji wa Kimakonde waliofanya kazi Dar es Salaam, wengi wao asili yao ng'ambo ya Ruvuma, walizaa katika nusu ya pili ya karne ya 20 mitindo ambayo ulimwengu waijua kwa majina ya Kiswahili: shetani, mawingu, ujamaa. Ile nguzo ya watu waliopandana, ambayo kabla yake iliitwa dimoongo, ilipopata jina la ujamaa ilipata pia msomaji mpya: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mtazamaji aliona taifa mahali ambapo mchongaji aliweza kuwa ameona ukoo, au nguvu za vijana wanaobebana. Hapa jina halikuja nyuma ya kazi kama kibandiko; lilishiriki kuiumba. Kwa hiyo swali la haki si kama Kiswahili kiziguse sanaa za bara, bali ni kama kinaziacha zikiwa na majina yake ya kwanza ubavuni mwa yale mapya.

Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ilionekana baadaye Geneva, katika Makumbusho ya Barbier-Mueller, na mwaka 2010 ikarudishwa Tanzania. Ni haki iliyotendeka, na mfano mwema kwa mataifa mengine. Lakini sheria huweza kurudisha mti tu. Wimbo, jina na hatua za ngoma havikuibwa na mwivi yeyote. Vikipotea, vitakuwa vimepotea mikononi mwa wenyewe, na hapana mahakama ya kuvidai.

Yapasa basi kamusi za Kiswahili zisitosheke kueleza kinyago kuwa "sura ya kuchongwa", bali zionyeshe udugu wake na unyago na chinyago, na zilipokee neno lipiko kama lilivyo. Yapasa pia kibao cha makumbusho kitaje ngoma, mahali na lugha, si aina ya mti peke yake. Wala haipasi kila siri ya jando ianikwe kwa jina la elimu. Wazee wa Newala wana haki ya kuchagua la kusema na la kunyamazia, na mtaalamu mwaminifu huandika kwamba pana mlango, hata akikatazwa kuufungua. Uhakiki utakaoheshimu hayo utakuwa na maneno machache zaidi ya kusifu, na mengi zaidi ya kufahamu.