Adili na Nduguze: Riwaya Inayopendwa Iliyotuacha na Kiu

Miongoni mwa vitabu ambavyo wanafunzi wanaoanza fasihi ya Kiswahili huvipenda upesi, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kina nafasi yake. Kilichapishwa mwaka 1952, miaka kumi kabla ya mwandishi kufariki. Majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, binadamu waliogeuzwa manyani: yote yamo. Kiswahili chake ni fasaha na misemo yake ni hazina kwa mwalimu yeyote wa lugha. Hata hivyo, baada ya kukisoma upya kwa ajili ya somo la riwaya, tumebaki na kiu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini.

Tukumbushane kisa kwa ufupi. Adili, liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibuni, ni mtu mwema ambaye aliwagawia mali ndugu zake, Hasidi na Mwivu, hata baada ya wao kupoteza yao. Walimlipa kwa kumtosa baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, aliwageuza manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Ikibali, mjumbe wa mfalme aliyekuja kudai kodi, anamwona liwali akiwacharaza manyani wawili huku akilia, kisha akiwalisha kwa mapenzi.

Kwa maoni yetu, picha hiyo ndiyo kilele cha kitabu. Mtu anaadhibu na kuumia kwa kiboko kimoja. Anawapenda waliotaka kumwua, wala hawezi kuwasamehe kwa sababu amri si yake. Msomaji anangoja kwa hamu: fundo hili litafunguliwaje?

Hapo ndipo tulipovunjika moyo. Fundo linafunguliwa kutoka juu. Mfalme anaingilia kati, jini anaridhia, manyani wanakuwa watu, na hadithi inaelekea kwenye furaha. Wakati uamuzi unapofanywa, wakosaji ni wanyama. Hawawezi kutamka neno hata moja la toba. Aliyekosewa naye amepokea amri nyingine badala ya ile ya kwanza. Jana aliamriwa apige, leo anaamriwa aache. Uchawi umeifanya kazi ambayo wahusika walipaswa kuifanya wenyewe.

Baadhi ya wanafunzi wetu hutujibu kwamba kitabu hiki ni kama ngano, na ngano haidaiwi mambo hayo. Hatukubaliani nao. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Huko ndugu hao wanarudia uovu na mwishowe wanauawa. Shaaban Robert aliubadili mwisho huo, akachagua msamaha. Kwa kuwa alichagua mwenyewe, ni haki tumwulize ameujengaje msamaha huo.

Wengine husema kwamba tatizo ni majina, kwani msomaji anayesikia Hasidi na Mwivu amekwisha kujua watakachofanya. Sababu hiyo haitoshi. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, nacho kina majina ya aina hiyo na nchi inayoelea hewani, lakini Karama anasimama barazani siku baada ya siku akijitetea kwa maneno. Njozi ile haimwondolei mhusika mzigo wake wa kusema.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Bujumbura? Kwa sababu nchini Burundi msamaha si neno la hadithini tu. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini mwezi wa Agosti 2000, na sheria ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipitishwa mwaka 2014. Tangu zamani, mbele ya Bashingantahe, kila upande husikilizwa kabla ya watu kupatanishwa. Mwanafunzi aliyekulia katika nchi hii anajua kwamba amri inaweza kukizuia kiboko. Haiwezi peke yake kuwarudisha ndugu mezani. Anapofika ukurasa wa mwisho, tusishangae akiuliza: je, walisemezana nini usiku wa kwanza bila kiboko?

Hatusemi kitabu kiachwe. Wala hatumpunguzii Shaaban Robert heshima yake. Mti wenye matunda ndio unaotupiwa mawe. Tunapendekeza kwamba walimu wasikifundishe kwa kuorodhesha fani na maudhui tu, kisha wakahitimisha kwamba "wema hushinda uovu". Wawape wanafunzi kazi ya kuandika mazungumzo ya Adili, Hasidi na Mwivu usiku ule, kila mmoja akiwa na ulimi wake. Watajifunza Kiswahili cha kuomba radhi, cha kulaumu na cha kukubali, ambacho si rahisi katika lugha yoyote.

Wasomaji wenye maoni tofauti tunawakaribisha. Ukumbi ni wenu.