Da Vinci Code: kipi historia, kipi hadithi?



Riwaya ya Dan Brown, The Da Vinci Code, ilitoka mwaka 2003, Waswidi wakaipata kwa lugha yao 2004, na filamu ya Ron Howard ikafuata 2006. Miaka imekwenda lakini ubishi haujakwisha. Hapa kwetu kila tukikutana watu wa Afrika Mashariki, iwe arusini, matangani au kwenye futari, hakosi mtu wa kuuchokoza: "Kumbe Biblia ilipigiwa kura! Kumbe Yesu alikuwa na mke, wakaficha!" Ukimuuliza kasoma wapi, jibu ni lile lile. Kijana wetu mmoja aliyezaliwa hapa aliniambia kabisa kwamba historia yote ya Ukristo anayoijua ni ile ya kwenye riwaya hiyo. Na nimewahi kumsikia mhadhiri mmoja wa mihadhara ya dini (simtaji) akiinua kitabu hicho hadharani kama ushahidi dhidi ya Wakristo, huku watu wakipiga takbir. Sasa hapo mambo yametoka kwenye burudani, maana yule bwana angeisoma riwaya mpaka mwisho angekuta Isa bin Maryam ana mke na kizazi huko Ufaransa, habari ambayo Qur'ani haina.

Mimi si mtu wa teolojia, kazi yangu ni lugha. Na sina ugomvi na riwaya kama riwaya. Kitabu kinasomeka, sura ni fupi fupi, kila moja inakuacha roho juu. Shida ni ukurasa mmoja kabla hadithi haijaanza, ambapo mwandishi anatangaza kwa jina lake kwamba chama cha siri cha Sion ni cha kweli, kwamba kilianzishwa 1099, na kwamba maelezo yake yote ya sanaa, majengo na nyaraka ni sahihi. Mwandishi anayesema hivyo ameomba mwenyewe apimwe kama mwanahistoria. Haya, tumpime.

Hicho chama nitakimaliza haraka. Prieuré de Sion kiliandikishwa 1956 katika mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, na Pierre Plantard na wenzake. Jina limetokana na kilima cha jirani, wala si Yerusalemu. Kijarida chao cha mwanzo kilishughulikia nyumba za bei nafuu! Zile "nyaraka za siri" za Paris si ngozi za kale: ni karatasi za kupigwa taipu, zilizopelekwa maktaba ya taifa katika miaka ya 1960 na watu wa kundi hilo hilo, ili baadaye waende "kuzigundua". Mwaka 1993 hakimu mchunguzi Mfaransa alimhoji Plantard, akakiri kwamba kabuni. Alifariki 2000, miaka mitatu kabla riwaya haijatoka. Kwa hiyo orodha ya wakuu wa chama, pamoja na Leonardo na Newton, ni kazi ya miaka ya 1960. Hata vioo vya piramidi ya Louvre, ambavyo riwaya inasema ni 666, ni 673. Kuhesabu vioo tu jamani.

Lakini linalonikera zaidi ni la Nikea, kwa sababu hilo ndilo watu wanalolibeba. Riwaya inadai kwamba mpaka mwaka 325 Wakristo walimwona Yesu kuwa mtu tu, ndipo Kaisari Konstantino akakusanya maaskofu, ikapigwa kura ya kukaribiana sana, Yesu akafanywa Mungu. Kisha Kaisari akachagua injili nne kati ya themanini na zaidi, nyingine akazichoma.

Tuanze na kura. Waliohudhuria Nikea walikuwa maaskofu wapatao 250 hadi 318, kutegemea unamsoma nani. Waliogoma mpaka mwisho kutia sahihi walikuwa wawili: Sekundo wa Ptolemais na Theona wa Marmarika, wote kutoka upande wa Libya. Kama hiyo ni kura ya kukaribiana, basi chaguzi zetu nyingi za nyumbani ni za kukaribiana mno. Na hoja yenyewe haikuwa kama Yesu ni mtu tu. Ario, kasisi wa Iskandaria ambaye ndiye aliyeshitakiwa, alikubali kwamba Mwana alikuwapo kabla ya nyakati zote na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Alichokataa ni kumlinganisha na Baba. Ni tofauti kubwa, watu walihamishwa nchi kwa ajili yake, lakini siyo ile ya kwenye riwaya. Habari ya kuchagua vitabu vya Biblia haikujadiliwa kabisa. Kanuni ishirini za mtaguso ule zipo: zinahusu nidhamu ya mapadri, waliokana imani wakati wa mateso, mambo ya aina hiyo. Injili nne alikuwa ameshazitaja Irenei wa Lyon yapata mwaka 180, Konstantino hajazaliwa.

Na huyo Konstantino mwenyewe? Miaka kumi baada ya Nikea alimfukuza Athanasio, mtetezi mkuu wa mtaguso, akampeleka Trier. Alipokuwa anakufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mtu aliyebuni uungu wa Kristo kwa maslahi ya siasa angetubatizia mambo namna hiyo?

Hapa ndipo kukaa Uswidi kunasaidia. Panda treni Stockholm, dakika arobaini hivi uko Uppsala, kwenye maktaba ya chuo kikuu, Carolina Rediviva. Humo kumehifadhiwa Biblia ya Fedha, Codex Argenteus: kurasa za ngozi zilizotiwa rangi ya zambarau, maandishi ya fedha na dhahabu, lugha ya Kigothi. Iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 6, inaaminika huko Ravenna, Italia, kwenye utawala wa Mfalme Theodoriki. Tafsiri ni ya Askofu Wulfila wa karne ya 4, aliyewabunia Wagothi alfabeti. (Inasimuliwa kwamba aliviacha vitabu vya Wafalme asivitafsiri, maana Wagothi walipenda vita hata bila kuhimizwa. Sisi wafasiri tuna la kujifunza hapo.) Na Wulfila aliwekewa mikono na nani? Na yule yule Eusebio wa Nikomedia. Yaani Wulfila na Theodoriki wote wawili walikuwa upande wa Ario, upande ambao riwaya inataka tuamini kwamba injili zake zilichomwa.

Sasa fungua kitabu. Injili zilizomo ni ngapi? Nne. Mathayo, Yohana, Luka na Marko, kwa mpangilio huo. Hakuna ya Filipo wala ya Maria Magdalena. Walioshindwa Nikea walisoma injili zile zile za walioshinda. Ushahidi huu hauko kwenye pango wala kwenye sanduku la siri la benki, uko kwenye maktaba ya umma, umeshachapishwa na kupigwa picha mara nyingi. (Uliingiaje Uswidi ni habari nyingine: askari wa Uswidi waliuchukua Prague 1648 kama ngawira, pamoja na ile Biblia kubwa ya Shetani iliyoko maktaba ya kifalme hapa Stockholm. Waingereza na Makdala yao hawakuwa wa kwanza.)

Kwetu Afrika ushahidi uko vile vile. Athanasio ndiye aliyemweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum, yule Waethiopia wanayemwita Abba Salama. Yapata 356 Kaisari Konstansio, mtoto wa Konstantino, aliandika barua kwa watawala wa Aksum akitaka Frumensio arudishwe Iskandaria akachunguzwe imani yake. Barua yenyewe tunayo, Athanasio aliinukuu. Fikirini: Kaisari wa Roma anambembeleza mfalme wa Uhabeshi. Huyo ndiye wa kufuta vitabu dunia nzima? Kanisa la Ethiopia mpaka leo lina vitabu 81 kwa hesabu ya mapokeo, kikiwemo cha Henoko, ambacho Ulaya ilikuwa imekipoteza mpaka James Bruce aliporudi na nakala 1773. Hakuna aliyekificha, kilikuwa kinasomwa kwa Kige'ez muda wote. Ila mashujaa wa riwaya za njama hawapiti Aksum, wanapita Paris na London.

Tuje kwenye lugha, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Riwaya inatumia Injili ya Filipo, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, 1945, na mhusika wake msomi anasema kila mjuzi wa Kiaramu atakwambia neno "mwenzi" siku zile lilimaanisha mke. Lakini ile injili haiko kwa Kiaramu! Iko kwa Kikopti, imetafsiriwa kutoka Kigiriki, na neno linalogombaniwa ni la Kigiriki, koinōnos. Neno hilo hilo Luka analitumia kwa wana wa Zebedayo, walioshirikiana na Simoni kazi ya kuvua samaki. Hakuna anayesema Simoni aliwaoa. Msemaji wa Kiswahili haihitaji kamusi kulielewa hili. Sisi tuna "mwenzi" wa ndoa, "mwenzangu" wa kazini, "wenzetu" wa kijiji cha pili. Neno peke yake halikupi cheti cha ndoa. Na lile busu maarufu, pale panapotaja alimbusu wapi, karatasi ina tundu. Neno halipo. Wanaosema "mdomoni" wanajaza wenyewe.

Kwa haki niseme pia alipopatia. Kwamba Maria Magdalena alisingiziwa ukahaba ni kweli, na siyo siri. Injili hazisemi hivyo popote. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, ndiye aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa kwenye Luka, na Magharibi ikafuata kwa karne nyingi. Makanisa ya Mashariki hayakumfuata, na Roma yenyewe ilirekebisha kalenda yake ya ibada 1969. Wasomaji wengi wanawake walikipenda kitabu kwa ajili hiyo, na siwalaumu. Ila ukimwangalia vizuri utaona anavyomtendea: injili zinamfanya shahidi wa kwanza wa ufufuo, riwaya inamfanya tumbo la kubebea ukoo wa wafalme wa Kifaransa. Aliyepandishwa cheo hapo ni nani?

Halafu wachawi. Riwaya inasema Kanisa liliwachoma wanawake milioni 5. Wanahistoria wa leo wanakadiria waliouawa Ulaya nzima ni kati ya 40,000 na 60,000, wengi wanawake lakini wanaume pia, na wengi kwa hukumu za mahakama za kidunia. Mtu ataniambia 50,000 si wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu hawahitaji kuongezewa. Stockholm tunatembea juu ya habari hii kila siku. Hötorget, pale tunaponunua mboga na mananasi ya bei mbaya, ndipo alipochomwa moto akiwa hai Malin Matsdotter, mwezi Agosti 1676, kwa ushahidi wa mabinti zake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla yake, huko Torsåker kaskazini, watu 71 waliuawa kwa siku moja. Ushahidi mkubwa ulikuwa wa watoto waliodai wamebebwa usiku kwenda Blåkulla kwa Shetani. Baada ya Malin, watoto walibanwa wakakiri kwamba walitunga, kesi zikavunjika, na baadhi ya mashahidi nao wakauawa. Nchi ilikuwa ya Kilutheri, tume ni ya mfalme. Papa hakuwepo, wala hapakuwa na chama cha siri. Walikuwepo majirani, watoto, wachungaji na mahakimu walioamini uvumi.

Ndiyo maana ile "milioni 5" inanitia hofu zaidi ya "mke wa Yesu". Inamhamishia mtu mmoja mbaya aliyejificha Roma kazi iliyofanywa na mtaa mzima. Kisii, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na waliowachoma walikuwa wanakijiji wenzao. Kenya hiyo hiyo Rais Moi aliunda tume 1994 ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikatolewa hadharani 1999. Jamii zetu hazina upungufu wa njama za kuamini, hatuhitaji kuagizia nyingine kutoka Marekani.

Na mwisho Silas. Muuaji wa riwaya ni mtawa wa Opus Dei mwenye ualbino. Opus Dei haina watawa, lakini hilo ni dogo. Watu weupe wa ngozi namna ile kwenye filamu za Hollywood ni wabaya wa kawaida, mtazamaji wa Stockholm anapita tu. Mtazamaji kutoka Mwanza au Shinyanga hapiti. Filamu imetoka 2006. Miaka michache tu baadaye mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalikuwa kwenye magazeti ya dunia, na 2008 Rais Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Sisemi riwaya ndiyo iliyosababisha, waliokuwa wanakata viungo vya watu hawakuwa wanamsoma Dan Brown. Nasema katika mamia ya kurasa za uhakiki niliowahi kusoma kuhusu kitabu hiki, kwa Kiingereza na Kiswidi, maaskofu na maprofesa wanahesabu makosa ya Louvre na ya Nikea mpaka koma ya mwisho, na Silas wengi wanamwacha aendelee na safari yake.