Kitukuu na Mipaka ya Santuri

Aliyelelewa na benga ya Ukambani, awe mtu wa Kitui au wa vilima vya Mbooni huko Makueni vilivyoipa bendi ya Lower Mbooni Boys jina lake, hahitaji kuelezwa kwamba wimbo ukiingia katika santuri hukatwa. Kwani sahani ile ya mizunguko 45 ilibeba sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, na aghalabu ilipokwisha kugeuzwa ndipo magitaa yalipoachiwa uwanja. Anayezirudia nyimbo hizo leo huweza kuunakili mkato huo kwa taadhima, akasahau kwamba asili yake ni ufinyu wa nafasi.

Mwimbaji wa taarabu Siti Muharam hakunaswa na mtego huo. Yeye ni kitukuu wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, katika santuri za mizunguko 78 ambazo kila upande ulimaliza pumzi baada ya dakika tatu hivi. Fauka ya muda, mitambo ya zama zile haikuzihifadhi vyema sauti nzito, hata ikatufikia taarabu nyembamba kuliko ilivyosikika barazani.

Katika albamu ya *Siti of Unguja*, iliyotolewa mwaka 2020, Matona aliyeongoza muziki na Sam Jones aliyeutayarisha wamevirudisha vyote viwili, muda na sauti nzito. Chini ya udi wameweka besi na klarineti ya sauti nzito, si kwa pambo, bali palepale palipokuwa patupu katika santuri. Na maadamu hakuna sindano inayomkimbiza, mwimbaji hutua mwisho wa mshororo, akaiacha ala imjibu kabla hajaendelea. Sikiliza “Kijiti”, kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja: haombolezi kwa kupaza, hutamka kama shahidi mbele ya kadhi, na uzito wote ameuachia ule mvumo wa chini.

Sikusudii kusema kila kitu kimetimia, maana pana mahali klarineti hunogewa ikampita mwenye wimbo. Lakini huko Ukambani, atakayewarithi waimbaji wa benga Kalambya Sisters, ambao sauti zao za juu katika “Katelina” zilipaa juu ya magitaa yaliyo mepesi vilevile, na aanzie kwenye besi.